Nitajuaje kama nina sifa za kufanya biashara kabla sijaacha kazi?

Mtunza Stoo
Wakuu habari za mida hii. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar, mzigo naujua kuanzia misumari ya bati mpaka gypsum, mafundi wananijua. Nimejichanga kidogo nawaza niache kazi nifungue duka langu Chanika. Sasa juzi nikafanya lile jaribio la mtandaoni la kujipima kama una sifa za ujasiriamali, maswali yenyewe sijui unapenda kujilipua, sijui kwenye sherehe unaanza wewe kuongea na usiowajua, mwisho likaniambia nibaki kwenye ajira tu. Wife kacheka, eti si nilikwambia, wewe mtu akilialia bei unampunguzia halafu unamwongezea na nauli. Kweli siyo muongeaji na ujanja wa mjini sina. Wazoefu nisaidieni, hizi sifa zinapimwaje? Au biashara ni ya wenye midomo?

Mtu wa Makambako
Mtu anazaliwa nayo mkuu tusidanganyane. Waangalie Wakinga, wale wa Makete wanaosifika kwa biashara, dogo kamaliza la saba anashuka Kariakoo na begi moja, baada ya muda ana frem. Ukiona mpaka unauliza humu ujue damu haipo, kula mshahara wako kwa amani.

Dada Floti
Damu gani tena jamani 😂 huyo dogo kafikia kwa mjomba, kalala stoo, kabeba mizigo, kaona mjomba anavyonunua na anavyokataa kukopesha, siku anapewa frem keshamaliza chuo. Na huyu mtoa mada si kalelewa stoo vilevile?

Mimi ni wakala wa miamala Temeke na naongea sana ila mdomo haujawahi kunifungia hesabu. Chukulia umefungua asubuhi na laki tano, floti laki tatu kwenye simu na keshi laki mbili kwenye droo, mtu akitoa keshi inashuka floti inapanda, akiweka inakuwa kinyume chake, jioni ukijumlisha lazima irudi laki tano ileile, chako wewe ni kamisheni tu. Sasa saa saba njaa inauma, droo imejaa, ukichomoa elfu tatu ya wali maharage nani atajua? Hapo ndo sifa inapimwa. Nimeshaajiri vijana wachangamfu wateja wanawapenda balaa, jioni hesabu pungufu elfu mbili, kesho elfu nne, hakuna mwizi ni tumbo tu. Niliyebaki naye ni mkimya kama wewe, anakuja na chakula kutoka kwao na kila muamala anauandika.

Mzee wa Semina
Nilihudhuria Empretec, mafunzo ya wajasiriamali ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, yaliyoanzia Argentina 1988, msingi wake ni kazi za mwanasaikolojia Mmarekani David McClelland. Aliwapa watu pete za kurusha ziingie kwenye kijiti, kila mtu ajichagulie pa kusimama. Wengine walisogea karibu kabisa, wengine wakaenda mbali huko ambako pete ikiingia ni bahati tu, ila wenye kiu kweli ya kufanikiwa walisimama katikati, pagumu lakini panawezekana ukilenga. Kwa hiyo kujilipua siyo sifa, sifa ni kupima hatari. Sifa wanazofundisha Empretec ziko 10, kuna kutafuta taarifa, kupanga na kufuatilia, kutimiza ulichoahidi, kung'ang'ania. Kushawishi watu nayo imo sikufichi, ila ni moja tu kati ya hizo.

Nondo Milimita 12
Semina nzuri ila mimi nipo kwenye hardware, wife wako kagusa penyewe. Faida ya mfuko wa simenti ni nyembamba, ukilainika ukapunguza mia tano unaweza kuwa umeuza bure, na hujalipa kodi ya frem. Halafu kuna mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye, fundi anakuja anataka bati za watu, eti tajiri analipa Ijumaa. Sasa hivi hapo kazini una kinga, unasema bosi hataki basi yameisha. Dukani kwako bosi ni wewe, utasema nani hataki?

Na kuacha kazi kwanza sioni sababu, marehemu Reginald Mengi, yule tajiri wa IPP, alianza kuunganisha kalamu nyumbani kwake akiwa bado mhasibu wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand. Anza kidogo pembeni, ila wateja wa bosi wako usiwaguse, hiyo ni dhambi na mjini hapa taarifa zinatembea. Daftari lako la stoo pia ni mtaji, kwa utaratibu wa TRA uliokuja 2019 mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka akitunza kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani elfu thelathini, asiyetunza anabandikwa laki moja.

Mtunza Stoo
Dah hiyo ya "bosi hataki" ndo wimbo wangu kila siku. Kuna kibanda cha shemeji Chanika kiko wazi, nikiweka misumari na rangi kidogo wife akae yeye, maana yeye hapunguzi hata mia, hata ndugu yake anarudishwa.

Dada Floti
Sasa mwenye sifa si huyo hapo 😂 wewe kawe mtunza stoo wake. Anza na misumari, binding waya na brashi, rangi usijaze, ikikaa sana inaganda ndani ya kopo.