Nitahakikishaje uwiano wa gia kabla ya kununua gia boksi iliyotumika?

Swali
Ndugu zangu mafundi, salaam. Nina Land Cruiser 60 ya gia nne ambayo hupandisha mizigo kutoka Mombo hadi Lushoto, na sasa gia ya kwanza inachomoka njiani. Nimepata gia boksi mbili zilizotumika, na muuzaji anasisitiza kwamba zote ni aina ya H41, ingawa hana karatasi yoyote ya kuthibitisha. Nachelea kuuziwa H42, ambayo gia yake ya kwanza haina nguvu ile ya mlima. Je, nawezaje kuzitofautisha bila kuzifungua?

Jibu la kwanza
Ndugu, usitegemee neno la muuzaji wala umbo la nje; hesabu mizunguko. Piga alama ya chaki kwenye shafti ya upande wa klachi na nyingine kwenye flenji ya propela ya nyuma (pale inapofungwa shafti iendayo magurudumu ya nyuma), weka transfa (boksi ndogo ya nyuma ya gia boksi, inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye gia ya kasi, ingiza gia ya kwanza, kisha zungusha shafti ya klachi taratibu kwa mkono hadi flenji itimize mizunguko miwili kamili. H41, ambayo uwiano wake wa gia ya kwanza ni 4.925, yaani shafti ya klachi huzunguka mara 4.925 flenji ikizunguka mara moja, itakudai karibu mizunguko kumi, ilhali H42, yenye 3.555, itatosheka na saba na kitu kidogo.

Jibu la pili
Naongezea kwamba ni vyema kuanza na gia ya nne. Haitakuonyesha tofauti, kwa kuwa boksi zote mbili hapo huenda moja kwa moja, lakini mzunguko mmoja usipotoa mmoja, ujue transfa imebaki kwenye gia nzito na hesabu zako zote zitapotoka. Gia ya pili nayo ipimwe, ila kwa mizunguko kumi ya flenji, maana tofauti yake ni ndogo: H41 hudai takriban 26.4 na H42 takriban 22.9. Boksi iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa naipima gia zote, hata muuzaji akinuna.

Muulizaji
Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimerudi leo asubuhi na chaki: boksi ya kwanza imeishia saba na kidogo, boksi ya pili imekaribia kumi, na gia yake ya pili imetoa 26 na ushei. Nimelipia boksi hiyo ya pili.