Folda zinahama kwa seva ya ofisi, nisaidieni na skripti ya kuzifuatilia

kijana_wa_Ngara
Wadau, habari zenu. Niko kwa ofisi ndogo ya wasanifu majengo hapa Ngara. Michoro yote iko kwa seva moja ya Linux, tunaifikia kupitia Samba, programu ya kushiriki faili kwa mtandao. Kila mradi una folda yake, ndani yake Michoro, Bili na Barua. Shida ni kwamba folda zinapotea. Jumatatu mradi wa Ruaka haukuwepo kabisa, mteja yuko kwa simu anataka bili yake, bosi ananitazama mimi. Nikaupata saa sita mchana ndani ya Barua za mradi wa Syokimau!

Nataka ripoti kila asubuhi. Nimejaribu hii, amri ya kwanza inaorodhesha folda zote, ya pili inalinganisha na orodha ya jana:

`find /srv/miradi -type d | sort > leo.txt`
`diff jana.txt leo.txt`

Nikiiendesha kwa mkono iko sawa. Cron, ile ya kuendesha amri kwa ratiba, ikiiendesha inanitupia mamia ya mistari na hakuna aliyegusa kitu. Nakosea wapi?

bashasha
Cron haibebi mipangilio ya lugha uliyo nayo kwa terminali, kwa hivyo sort inapanga vingine, herufi kubwa zote mbele. Majina ni yale yale, ila diff haina huruma. Andika `LC_ALL=C sort`, kisha utengeneze orodha zote mbili upya.

Na ukitaka tarehe kwa jina la faili, usiweke `date +%F` moja kwa moja kwenye crontab, faili la ratiba ya cron. Huko alama ya % inahesabiwa kama mwisho wa mstari. Ilinilia wikendi nzima hiyo. Amri zikae kwa faili la skripti, cron iite faili tu.

mtu_wa_Luthuli
Si utumie inotify, ile ya Linux ya kutoa taarifa folda ikiguswa, uone papo hapo?

bashasha
Inotify haishuki yenyewe kwenye folda za ndani, kila moja inataka mlinzi wake. Kwa ripoti ya mara moja kwa siku, hiyo ni kuua mbu kwa rungu.

mama_seva
Ndugu, soma tena kisa chako. Folda haikufutwa, ilihamishwa. Diff itakuambia Ruaka imetoka, uanze kuhangaika na bekapu bure. Ongeza namba ya inodi, ile ambayo mfumo wa faili unaipa kila folda:

`find /srv/miradi -type d -printf '%i %p\n'`

Folda ikihama au ikibadilishwa jina ndani ya diski hiyo hiyo, inodi haibadiliki. Zisome orodha mbili kwa skripti ya Python: inodi ile ile na njia tofauti, imehama, inodi haipo leo, imefutwa. Mzazi akihama watoto wote wataonekana wamehama, kwa hivyo ripoti mzazi peke yake. Na namba ya folda iliyofutwa huweza kupewa folda mpya. Ukiona "imehama" na jina halifanani hata kidogo, kaangalie kwa macho.

Mshukiwa wangu ni kipanya. Mtu anabofya, mkono unateleza, folda inadondoka kwa jirani.

kijana_wa_Ngara
Asante sana mama. Itanionyesha ni nani?

mama_seva
Hapana. Skripti inaona jana na leo, mtu haimwoni. Hiyo ni kazi ya full_audit, sehemu ya Samba inayoandika nani amefanya nini, na kila mtu awe na akaunti yake.

kijana_wa_Ngara
Hapo sasa. Ofisi nzima tunaingia kwa jina la bosi.

Ripoti ya leo lakini imekuja na mstari mmoja tu:

`IMEHAMA: Kitengela -> Juja/Bili/Kitengela`

Nimeirudisha kabla ya chai ya saa nne.