Tupeane uzoefu: kipato cha ziada kwa sisi waajiriwa wa Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, naomba kila mmoja aeleze alichokifanya kwa mikono yake kujiongezea kipato nje ya mshahara. Naanza na yangu.

Mimi ni mwalimu wilayani Newala, na kwa misimu 3 sasa hatupeleki chama cha msingi, yaani ushirika wetu wa wakulima, korosho zote za shamba la marehemu baba. Tunabakiza magunia 2, ambayo mimi na mama watoto tunayakaanga kwa kuni na kuyabangua wenyewe uani. Mafuta ya ganda huunguza, hivyo tunajipaka majivu mikononi, na hata hivyo wiki ya kwanza nilisahihisha madaftari kwa vidole vilivyobabuka, wanafunzi wakinitazama kwa huruma. Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa kilo 1 tu iliyobanguliwa, tena zilizopasuka hushuka bei, ndiyo maana kumenya lile ganda jembamba la ndani namwachia mwenzangu, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu. Shemeji yetu huwauzia abiria wa mabasi pale Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara. Nilishawishiwa pia niingie kwenye kangomba, yaani kumkopesha mkulima wakati wa dhiki na kujilipa kwa korosho zake msimu ukifika. Nilikataa, kwani mbali na kukatazwa, baba yangu mwenyewe alilizwa hivyo hivyo.

Mchangiaji wa Mikindani: Ahsante, Mwalimu. Mimi ni karani, na nalima mwani. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ningeufanyia kazi Jumamosi, ilhali kuufunga kwenye kamba na kuuvuna hufuata maji ya bamvua, yanapokupwa mbali, hata ikiwa Jumatano. Sasa mimi nanunua kamba na vigingi, dada yangu ndiye anayeingia majini, na tunagawana nusu kwa nusu. Mwani ukinyeshewa ukiwa umeanikwa, mnunuzi hushusha bei.

Mchangiaji wa Lindi mjini: Yangu ni fupi. Nilichukua mkopo, nikanunua pikipiki na kumkabidhi kijana aniletee hesabu kila siku. Miezi 2 hesabu ilikuja. Mwezi wa 3 ikaja simu kwamba injini imekufa. Mkopo bado naulipa. Mwalimu, ukiondoa kuni na nauli, magunia hayo yanakuachia nini?

Mwalimu: Msimu uliopita, bati 14 za kuezekea jiko. Misumari nilinunua kwa mshahara.