Mliorudi kutibiwa tena baada ya operesheni ya macho, tupeane uzoefu

Habari wakuu, naanza mimi. Nilitolewa mtoto wa jicho nikawekewa lenzi ya bandia, nikaona safi kama mwaka na nusu hivi, halafu ukungu ukaanza taratibu, kama unaangalia kupitia kioo kilichopuliziwa pumzi, usiku taa za magari zinatawanyika hovyo. Nikasema basi, karudi. Kumbe hawezi kurudi, ile lenzi ya asili ilishatolewa, kinachofanya ukungu ni utando wa nyuma unaoshika lenzi mpya, seli zilizobaki zinaota juu yake. Nikatiwa matone ya kupanua mboni, kidevu kwenye mashine, nasikia tik tik kama mtu anachezea peni, leza inatoboa tundu katikati ya utando, dakika chache tu kwisha. Hata sikuumia. Wakanipima presha ya jicho kabla sijaondoka maana inaweza kupanda. Kesho yake naona, ila vidoa vyeusi vilielea mbele ya jicho wiki nzima. Nani mwingine?

kioo_mbili: Mi yangu ilikuwa leza ya kuachana na miwani. Miaka minne mbele kila herufi ina kivuli chake, miwani mpya haimalizi miezi. Kupigwa picha, konea (kile kioo cha mbele cha jicho, ndicho leza inachonyoa) imekuwa nyembamba na inachomoza mbele. Nikaomba leza nyingine wakanikatalia, na walikuwa sahihi, konea imeshapungua halafu uinyoe tena?? Nikafanyiwa krosilinki, unatiwa matone ya vitamini B2 halafu unamulikwa mwanga wa UV ili konea ikaze. Usiku ule jicho kama limetiwa pilipili. Na tusidanganyane, haikunirudishia macho, inazuia tu lisiendelee kuharibika. Kuona naona kwa zile lenzi ngumu kubwa unazojaza maji ya chumvi ya hospitali (saline) kabla ya kuvaa, mwezi wa kwanza nilimwaga zaidi ya nilivyovaa 😂

mkavu: Ukavu baada ya leza. Niliwekewa vijiplagi kwenye vitundu machozi yanakopitia kutoka, ili yasikimbie, kimoja kilidondoka hata sijui lini. Afadhali sasa.

uso_chini: Mwenye uzi, mimi pia nilitobolewa utando kama wewe, nikaambiwa vidoa ni kawaida. Baada ya miezi vikaongezeka ghafla, pembeni naona kama radi, nikakaa siku nne. Pazia jeusi likaanza kupanda ndo nikakimbia, retina (ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea mwanga) imeachia. Wakaniwekea gesi ndani ya jicho iibane retina mahali pake, siku saba uso chini, nakula naangalia sakafu, wageni nawatambua kwa viatu. Ndege marufuku mpaka gesi iishe, huko juu inatanuka.

Mwenye uzi: Pole sana mkuu. Siku nne zote ulikuwa unangoja nini?

uso_chini: Nilikuwa na kliniki wiki inayofuata, nikaona nisiwasumbue.