Mjadala: Nani amlee mpiga ganuni?

Ndugu zangu, jana barazani mwenzetu mmoja alitoa hoja: hospitalini dawa hazitoshi, kodi iende kwa wapiga muziki kwa lipi? Bongo Fleva imesimama bila ruzuku, na taarabu ijitegemee. Wengi waliitikia. Mimi nakataa, na naomba tulijadili.

Taarabu yenyewe ilifikaje Unguja? Masimulizi tuliyorithi yanasema Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, na aliporudi akafundisha wenzake. Safari ile na miaka ya kujifunza vililipwa na hazina ya mtawala. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kikaundwa 1905, na mpaka leo kipo.

Mtazameni mpiga ganuni kabla ya mazoezi. Chombo kiko mapajani, nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, naye anazikaza mmoja mmoja kwa kifunguo, sikio kaliinamisha. Wa udi na wa fidla wanamngoja. Mkono ule unataka miaka kabla haujamletea mwenyewe hata shilingi. Kijana wa Bongo Fleva anaweza kuanza na kompyuta ya rafiki chumbani. Namheshimu sana, ila ganuni haifunzwi hivyo.

Tumewaachia wafadhili kazi hii. Chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilichoanzishwa 2002, ambacho wengi tunakiita DCMA, mwaka 2019 kilikuwa karibu kufunga milango kwa kukosa fedha. Wafadhili wana haki ya kuondoka. Sisi tutakwenda wapi?

Hoja iliyonikosesha usingizi ni ya bibi mmoja: serikali ikilipa, itataka kusifiwa. Kweli kabisa, na nyimbo za namna hiyo tumezisikia za kutosha. Ndiyo maana nasema kodi isiuguse wimbo. Imlipe mwalimu, inunue nyuzi, iweke ganuni mbili tatu katika skuli. Atakachokiimba mtoto akishakua ni chake.

Dawa hakuna aliyesema zipunguzwe. Hoteli zetu zinawapigia wageni taarabu, na wageni hao wanalipa kodi. Sehemu ndogo tu irudi darasani.

Anayejua njia nyingine ya kumlea mpiga ganuni mpaka mkono ukomae, aieleze hapa. Nitaisoma kwa makini.