Eti niwatumie PICHA YA SKRINI! Hivi hawa watu wako sawa?

Vidole Kumi (mleta uzi):
Wakuu, sitawataja. Mnawajua. Wale wale wanaobadilisha muonekano wa tovuti kila mwezi mwandamo, kana kwamba kuna mtu aliwaomba.

Kwa wasionifahamu: sioni, na masikio nayo yalishaniaga kitambo. Intaneti yangu yote inapita kwenye kifaa cha nukta nundu (Braille) chenye seli 20, yaani herufi 20 tu kwa mkupuo, kila seli ikiwa na pini za nukta zinazopanda na kushuka chini ya kidole. Kimeungwa na simu kwa bluetooth. Nyie mnaona ukurasa mzima, mimi napata nusu sentensi, nasogeza, napata nusu nyingine. Nimezoea, sililii hilo.

Leo najaza fomu yao. Mwisho kabisa nakutana na ule mtihani wa kuthibitisha mimi si roboti: chagua picha zote zenye pikipiki. Nasogea, "kitufe". Nasogea, "kitufe". Vitufe ukoo mzima, hakuna hata kimoja chenye jina! Kuna njia mbadala, ndiyo: kusikiliza sauti. Ahsanteni. Na huko juu kuna tangazo linalojibadilisha lenyewe. Kila likibadilika narushwa hadi kichwa cha ukurasa, naanza upya kuteremka kwa vitufe vya kifaa, nafasi na nukta ya 4, nafasi na nukta ya 4, mpaka kidole kinaota sugu.

Nikawaandikia kistaarabu kabisa. Sioni, sisikii, natumia nukta nundu. Wakajibu:

"Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Tafadhali tutumie picha ya skrini ili tuone tatizo. Au tupigie simu."

PICHA. YA. SKRINI.

Yaani mtu kasoma "sioni", akatafakari, akaandika "picha ya skrini". Akaona haijatosha, akaongeza "tupigie". Skrini yenyewe nimeishushia pazia (mpangilio wa simu unaoifanya iwe nyeusi) siku zote, sijui hata kama bado inawaka. Picha ya skrini!

Mzee wa Nundu:
Piga picha kidole chako uwatumie. Hiyo ndiyo skrini yako.

Kimya Kingi:
Mkuu, aliyekujibu ni roboti. Roboti anataka uthibitishe wewe si roboti. 😂

Seli Kumi na Nne:
Uzi mrefu hivi halafu unalalamika na seli 20? Mimi nimeishia "Wakuu, sitawat" nikaenda kulala.

Mzee wa Nundu:
Matajiri wa seli 20 mna kelele sana.

Tufaha Lililoumwa:
Lazima unatumia Android. VoiceOver, kisoma skrini cha iPhone, ilianza kushika nukta nundu 2010. Nyie mlikuwa mnashusha programu ya nukta nundu, BrailleBack, pembeni hadi kisoma skrini chenu, TalkBack 13, kilipokuja nayo ndani 2022.

Kimya Kingi:
Kitufe kisicho na jina hakina jina hata kwenye simu ya dhahabu. Aliyetengeneza tovuti ndiye alipaswa kukipa jina, simu itakisia nini?

Tufaha Lililoumwa:
Povu la Android hilo.

Vidole Kumi:
Natumia iPhone, kaka. Turudi kwenye mada: PICHA YA SKRINI.

Bluetooth Imegoma:
Afadhali wewe umefika hadi kwenye fomu. Mimi simu ikilala kidogo tu, kifaa kinakatika. Kikirudi, ukurasa umejifungua upya na nilichoandika chote kimeyeyuka.

Seli Kumi na Nne:
Nimeamka. Kwangu seli ya tatu, nukta ya 6 haipandi. Mstari ukianza na "haya" nasoma "hana". Ukianza na "baya" nasoma "bana". Kuna mtu anajua dawa?

Vidole Kumi:
Fungua uzi wako bana.

Seli Kumi na Nne:
Hiyo "bana" umeandika hivyo kweli au ni seli yangu?

Mzee wa Nundu:
Pini imejaa uchafu hiyo. Unanawa mikono kabla ya kusoma?

Seli Kumi na Nne:
Nanawa.

Bluetooth Imegoma:
Hanawi huyo.