Richard More wa Mayflower: nasaba yake ihesabiwe kwa nani?

Mpekuzi: Richard More alivushwa kwenda Marekani mwaka 1620 katika meli ya Mayflower akiwa mtoto mdogo, pamoja na ndugu zake Elinor, Jasper na Mary. Kitabu cha ubatizo cha kanisa la Shipton, Shropshire, kinamwandika kuwa mtoto wa Samuel More, mume wa mama yake, ilhali Samuel aliwakana watoto wale, akisema kwamba wengi wao wamefanana na Jacob Blakeway, aliyedaiwa kuwa mpenzi wa mama yao. Mimi naona vizazi vyake wamwandike Blakeway, kwa kuwa mwanaharamu hana nasaba kwa mume wa mama yake.

Mama Rukia: Ndugu Mpekuzi, neno hilo limenichoma. Kitanda hakizai haramu, na Richard alizaliwa ndani ya ndoa. Mbona humtaji Katherine, mama yao? Watoto walipoondolewa na kuwekwa kwa mkulima aliyekodi ardhi ya kina More, aliwafuata huko mara nyingi, akawang'ang'ania hata nguo zikararuka migongoni mwao.

Mzee Kumbukumbu: Dada yangu, habari ya nguo imo katika maelezo ya Samuel ya mwaka 1622, naye aliieleza ili kumwonyesha mkewe kuwa mkorofi.

Mama Rukia: Basi hata aliyemshtaki ameshuhudia kwamba aliwataka wanawe.

Mpekuzi: Neno nalifuta, na ninaomba radhi. Hata hivyo, nakumbuka kusoma kwamba watoto walikabidhiwa watu wacha Mungu, wakapata maisha mapya.

Mama Rukia: Maisha gani, ndugu yangu? Watatu kati ya wanne walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Ni Richard peke yake aliyekua, akawa nahodha, akazikwa Salem, huko Massachusetts, Marekani.

Bin Hamadi: Wanaomhusisha Richard na wafalme wa Uingereza hupitia kwa Katherine, na hakuna anayebisha kwamba ndiye aliyemzaa. Hapo Samuel na Blakeway hawabadilishi kitu.

Mzee Kumbukumbu: Turudi kwa Samuel, maana analaumiwa mno. Katherine mwenyewe alidai kwamba alikuwa ameahidiana ndoa na Blakeway kabla ya ndoa ile, lakini akakosa ushahidi.

Mama Rukia: Mzee wangu, kwa heshima zote, ndoa ile ilifungwa ili mali ibaki ndani ya ukoo. Aliyeozwa kwa ajili ya ardhi ndiye unayemdai ushahidi?